Makundi ya imani yanayozaliwa kwa kuhoji, kisha yakakataza maswali

Na Mwandishi Wetu, Nanyamba

OKTOBA 14, 2020, watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji na kukivamia Kijiji cha Kitaya, kilichomo katika Halmashauri ya Mji Nanyamba mkoani Mtwara. Waliua wananchi, wakachoma nyumba, kisha wakarejea ng'ambo. Aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi nchini wakati huo, IGP Simon Sirro, alithibitisha tukio hilo na kusema wavamizi walikadiriwa kufikia 300.

Tangu hapo, jina la kundi hilo, ambalo wananchi wa pande zote mbili za mto wamelizoea kama Al-Shabaab ingawa halikuzaliwa na lile la Somalia, limekuwa likitajwa kwa habari za bunduki na wakimbizi. Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba kabla ya kushika silaha lilikuwa kikundi cha waumini waliojitenga na wenzao msikitini. Na watu wa mwanzo kulitilia shaka walikuwa wale wale waliowahi kuswali nao safu moja.

Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kuwa hilo si jambo la pekee. Kundi jipya la imani mara nyingi huzaliwa pale baadhi ya waumini wanapowahoji viongozi wao wa zamani. Baadhi ya makundi hayo, yakishasimama, hukataza kuhojiwa. Wanaoyaacha ndio huwa wa kwanza kuliona badiliko hilo, lakini sauti zao husikika baada ya maafa.

Kumeguka si jambo jipya

Ni vyema kuanza kwa kuweka wazi kwamba kujitenga si kosa. Dini zote kubwa zina historia ya migawanyiko, na mingi haikumdhuru mtu. Katika pwani hii ya kusini na kaskazini mwa Msumbiji, twarika za Shadhiliyya na Qadiriyya zilienea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani ya miongo michache kule Msumbiji zilikuwa zimegawanyika katika matawi kadhaa, sababu kubwa ikiwa ni nani arithi uongozi. Baadaye ukaja mvutano kati ya watu wa twarika na vijana wa Ansuari Sunna, walioyaita baadhi ya mambo ya wazee wao kuwa ni uzushi.

Kwa Wakristo hali ni hiyo hiyo. Huduma ya maombezi ya Padri Felician Nkwera, iliyokuwa na makao yake Ubungo, Dar es Salaam, ilisuguana kwa miaka mingi na maaskofu wa Kanisa Katoliki. Waadventista Wasabato nao wamepata kundi linalojiita Wasabato Masalia, ambalo baadhi ya wafuasi wake walipiga kambi karibu na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere wakitaka kwenda kuhubiri nje ya nchi bila pasipoti wala tiketi. Kanisa lilijitenga nao.

Tofauti ya kundi linaloishi kwa amani na lile linaloangamiza watu haitokani na ukali wa mafundisho pekee. Inaonekana zaidi katika namna linavyomtendea mwenye swali na mwenye kutaka kuondoka.

Balama kabla ya Mocímboa da Praia

Dunia ililisikia kundi la Cabo Delgado Oktoba 5, 2017, liliposhambulia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Lakini utafiti wa mwanahistoria Eric Morier-Genoud, wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, uliochapishwa mwaka 2020, unarudi nyuma miaka kumi zaidi, hadi Wilaya ya Balama kusini mwa jimbo hilo. Huko, mwaka 2007, kijana aliyekuwa amerejea kutoka Tanzania alianza kufundisha kwamba Waislamu wenzake wamepotoka na kwamba mwumini wa kweli hapaswi kushirikiana na serikali isiyo ya kidini.

Mwanzoni hoja zake zilikuwa za kawaida kwa vijana wanaotaka mageuzi: masheikh wamelala, wako karibu mno na watawala, dini imechanganywa na mila. Kilichofuata kilikuwa tofauti. Wafuasi walianzisha msikiti wao, wakakataza shule za serikali, na wakawaona wasiokubaliana nao kuwa si Waislamu tena. Waislamu wa eneo hilo waliwapinga hadharani na kupeleka malalamiko kwa mamlaka. Katika miaka iliyofuata, malalamiko ya aina hiyo yalitoka pia katika wilaya nyingine, na Baraza la Kiislamu la Msumbiji lilijitenga na kundi hilo.

Watafiti wa taasisi ya IESE ya Maputo, Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, katika kazi yao ya mwaka 2019 kuhusu Mocímboa da Praia, walieleza jinsi vijana wasio na ajira na wafanyabiashara wadogo walivyovutwa. Kwa wengi wao, kilichotangulia kilikuwa msaada, udugu na matumaini ya kipato, na ugumu wa kutoka ukaja baadaye.

Matokeo yake yanajulikana. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia makazi yao Cabo Delgado, na Kitaya ikaonja machungu hayo katika msimu wa korosho wa mwaka 2020.

Kanungu: ukimya kama amri

Mfano mwingine uko Uganda. Kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu lilianzishwa na Wakatoliki: Credonia Mwerinde, aliyedai kutokewa na Bikira Maria, Joseph Kibweteere, aliyekuwa mtu wa heshima katika jamii yake, na baadaye Padri Dominic Kataribabo, msomi aliyewahi kusoma Marekani. Lawama yao kwa Kanisa ilikuwa nyepesi kueleweka: watu wameziacha amri za Mungu na viongozi wamenyamaza.

Waliolalamikia kunyamaza ndio waliokuja kuamuru ukimya. Katika kambi yao ya Kanungu, wafuasi walizuiwa kuzungumza na walitumia ishara za mikono. Mali zao waliziuza na fedha kuzikabidhi kwa viongozi. Familia ya Kibweteere mwenyewe, iliyoishi na kundi hilo nyumbani kwake, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kulihoji na kuachana nalo.

Viongozi walitangaza kuwa dunia ingekwisha Desemba 31, 1999. Siku ilipopita salama, kwa maelezo yaliyotolewa mara nyingi baada ya maafa, baadhi ya wafuasi walianza kuuliza na kudai mali zao. Machi 17, 2000, mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Polisi walipopekua nyumba nyingine za kundi hilo, walikuta mashimo yenye maiti za watu waliouawa kabla ya moto. Jumla ya waliokufa ilizidi 700. Kundi hilo lilikuwa limesajiliwa kisheria.

Shakahola: taarifa zilizotangulia

Miaka 23 baadaye, Kenya ilipatwa na msiba unaofanana na huo. Paul Nthenge Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi, alianzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003. Kwa miaka mingi alizishambulia shule, hospitali na vitambulisho vya serikali kuwa ni mambo ya shetani. Mwaka 2017 alikamatwa kuhusiana na mafundisho ya kuwazuia watoto kwenda shule. Mwaka 2019 alitangaza kufunga kanisa, na wafuasi wakamfuata katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi.

Machi 2023 alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiwa kwa dhamana ya shilingi 10,000 za Kenya. Mwezi uliofuata makaburi yalianza kufukuliwa. Hadi mwisho wa mwaka huo miili zaidi ya 400 ilikuwa imepatikana, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Mackenzie alikana mashtaka alipofikishwa mahakamani.

Taarifa hazikukosekana. Ndugu wa wafuasi na watu waliowahi kuwa ndani ya kanisa hilo walikuwa wamekwisha kulalamika, na Kamati ya Seneti ya Kenya, katika ripoti yake ya Oktoba 2023, iliwalaumu watendaji wa vyombo vya dola kwa kutochukua hatua mapema.

Maswali yanayofanana

Ukiweka pamoja simulizi za walioyaacha makundi ya namna hii, utaona kuwa maswali yao hayatofautiani sana, hata kama mmoja alitoka kanisani na mwingine msikitini. Huuliza: nani alimpa kiongozi huyu mamlaka, na nani anaweza kumkosoa? Mali tulizotoa ziko wapi, na nani anazikagua? Kwa nini mtoto azuiwe shule na mgonjwa azuiwe hospitali? Kwa nini unabii uliotajiwa tarehe haukutimia, na kwa nini anayeuliza anaitwa msaliti? Na swali zito kuliko yote: nikitaka kuondoka leo, nitaruhusiwa kwenda na mke wangu na wanangu?

Ni maswali yale yale ambayo waanzilishi waliwauliza viongozi wao wa zamani walipojitenga. Kundi lililo salama huyajibu, au angalau humwacha muulizaji aende zake kwa amani. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu la kwanza hapa ni swali kugeuzwa dhambi.

Je, ushahidi wao uaminiwe?

Si kila asemalo aliyetoka ni kweli. Bryan Wilson, mwanasosholojia wa Oxford, aliwahi kuonya kwamba mtu aliyeachana na kundi kwa uchungu huweza kukuza mabaya ili kuhalalisha uamuzi wake. Onyo hilo ni la haki. Wapo pia wanaosukumwa na ugomvi wa uongozi, mirathi au ndoa.

Lakini kupuuza kabisa kumegharimu maisha. Mwezi Juni 1978, Deborah Layton, aliyekuwa amelitoroka kundi la Peoples Temple la Jim Jones huko Guyana, aliapa kwa maandishi kwamba wafuasi walikuwa wakifanyishwa mazoezi ya kujiua kwa pamoja. Hakusikilizwa ipasavyo. Novemba 18 mwaka huo huo, zaidi ya watu 900 walikufa. Njia ya busara, kwa hiyo, ni kuyapima madai: je, watu kadhaa wasiojuana wanasema jambo lile lile? Je, kuna linaloweza kuthibitishwa, kama watoto wasioonekana shuleni, mashamba yaliyouzwa ghafla au ndugu wasiopatikana?

Sheria na wajibu wa jamii

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inatoa uhuru wa kuamini na wa kubadili dini au imani. Uhuru huo unamlinda anayejiunga na kundi jipya, na kwa kiwango kile kile unamlinda anayeliacha. Taasisi za dini husajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, lakini Kanungu ilionyesha kuwa cheti cha usajili hakithibitishi usalama wa waumini. Msajili aliye mbali hawezi kujua mtoto gani ameondolewa darasani. Mwalimu, jirani na mwenyekiti wa kijiji wanaweza.

Kwa eneo kama Nanyamba, lenye ndugu waliotawanyika pande mbili za mto, hili lina uzito wa pekee. Kijana aliyeondoka kwa ahadi ya elimu ya dini au biashara, kisha akarudi kimya kimya, anaweza kuwa anajua mengi. Akijua kwamba kitakachompata akisema ni kutengwa au kuhesabiwa mhalifu hata kama hakutenda kosa, atanyamaza. Akipata sheikh, padri au mzee wa mtaa wa kumsikiliza bila kumhukumu, na vyombo vya dola vinavyotofautisha mwenye kuhoji na mwenye kuua, huenda akasema mapema.

Kanungu na Shakahola hazikukosa watu walioona. Zilikosa mtu mwenye mamlaka aliyekuwa tayari kuwasikiliza kabla makaburi hayajachimbwa.