Je, Wajua? Bosi wa Shantie Mongbwalu

Je, wajua kwamba dhahabu ya eneo la Kilo, mkoani Ituri, iligunduliwa mwaka 1903, machimbo yakafunguliwa 1905, na hadi leo saruji nyingi inayojenga Mongbwalu, mji wa dhahabu hiyo, hutoka nchi jirani? Viwanda vikubwa vya saruji vya Kongo viko Lukala na Kimpese, mkoani Kongo Central. Kutoka Kinshasa hadi Bunia, mji mkuu wa Ituri, ni zaidi ya kilomita 1,700, na hiyo ni kwa mstari wa ndege. Ndiyo maana mifuko inayoshushwa Ituri imeandikwa Hima au Tororo, majina ya Uganda. Halafu kutoka Bunia kuna kilomita 80 hivi za kupanda hadi Mongbwalu. Mtu anayetakiwa kujua mfuko huo utafika lini, kabla hajamwahidi mtu yeyote tarehe, ndiye meneja wa ujenzi.

Je, wajua cheo chake kwenye karatasi za Kongo? Ni conducteur de travaux. Msanifu amechora, injenia wa miundo amepiga hesabu za nguzo, chef de chantier, msimamizi wa eneo la kazi, anashinda na masoni kuanzia asubuhi. Meneja wa ujenzi hujibu maswali manne: itaisha lini, itakula kiasi gani, itasimama miaka mingapi, na je, kila aliyeingia asubuhi atarudi nyumbani jioni akiwa mzima? Hilo la mwisho halimo kwenye devis nyingi, yaani makadirio ya gharama. Lingetakiwa kuwa la kwanza.

Je, wajua kwamba mita moja ya ujazo ya zege imara hula mifuko 7 ya saruji? Kipimo cha kawaida katika nchi zinazotumia Kifaransa ni kilo 350 kwa mita ya ujazo, na mfuko ni kilo 50. Kila mfuko unapewa toroli moja ya mchanga, toroli mbili za kokoto na maji lita 25. Basi slabu ya mita 10 kwa 8, yenye unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 12, sawa na mifuko 84, sawa na tani 4.2 za saruji peke yake. Hesabu hii inafanyika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ya saruji kwa dakika mbili. Asiyeifanya atagundua saa tisa alasiri kwamba mifuko imeisha na nusu ya slabu bado ni mbao tupu.

Maji ndiyo yanayoua zege, na wala hayaonekani yakiua. Lita 25 ni bidoni moja ya njano na robo. Lakini zege la lita 25 ni zito, linachosha mikono, halitelezi kwenye toroli. Kwa hiyo kijana anayechanganya anamimina bidoni ya pili. Sasa lina lita 40, linatiririka vizuri, kila mtu anafurahi. Likikauka, nguvu yake imeshuka karibu nusu. Mmarekani Duff Abrams alilieleza jambo hili mwaka 1918: kinachoamua nguvu ya zege ni uwiano wa maji na saruji. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado bidoni ya pili inamiminwa bosi akigeuka kupokea simu.

Namna ya kumkamata mmiminaji huyo ni rahisi. Kuna koni ya chuma yenye urefu wa sentimita 30, upana wa 20 chini na 10 juu. Unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo mara 25, kisha unainua koni polepole. Zege likishuka sentimita chache, sawa. Likianguka na kutandaa kama uji, rudisha. Hakuna haja ya maabara wala umeme.

Je, wajua kwamba chupa ya maji ya plastiki inaweza kukataa lori zima la mchanga? Weka mchanga hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache itulie. Mchanga unakaa chini, matope yanakaa juu yake kwa mstari unaoonekana wazi. Tabaka la matope likizidi asilimia 8 hivi, mchanga huo uoshwe au urudi ulikotoka. Katika nchi ambayo mito yake huoshewa dhahabu mchana kutwa, meneja asiye na chupa hiyo hajaanza kazi.

Nondo nazo zina uongo wake. Je, wajua kanuni ya 162? Zidisha kipenyo kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12: 144 gawanya kwa 162, ni gramu 889 hivi. Kipande cha mita 12 lazima kikaribie kilo 10.7. Ikiwa mzani unasema 8, umeuziwa nondo nyembamba kwa bei ya nene, hata kama kibandiko kinaapa vingine.

Je, wajua kwamba zege hupimwa siku ya 7 na siku ya 28? Siku ya 7 limefikisha takriban theluthi mbili ya nguvu yake. Siku hizo za kwanza linataka kumwagiwa maji; pale ambapo tulikataa maji mengi wakati wa kuchanganya, sasa tunayaomba. Waashi wapya huona ni kichekesho.

Je, wajua nani aligundua namna ya kujua kazi ipi haiwezi kusubiri? Mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya Du Pont na James Kelley wa Remington Rand walitengeneza mbinu ya kuipanga miradi kwa kutafuta mnyororo wa kazi usio na nafasi ya kuchelewa hata siku moja. Tuuweke Mongbwalu. Tunajenga madarasa matatu. Matofali yakiwa kwenye tanuri, mbao zinaweza kukauka kivulini. Milango inaweza kutengenezwa kuta zikiwa zinapanda. Lakini mkanda wa zege juu ya kuta hauwezi kumwagwa kabla ya kuta, na paa haliwezi kukaa kabla mkanda haujakomaa. Mabati yakikwama mpakani wiki mbili, shule nzima imechelewa wiki mbili. Fundi milango akichelewa siku mbili, hakuna atakayejua. Ujuzi wa meneja ni kujua ampigie nani kelele na amwache nani alale.

Chati ya mistari inayoning'inia kwenye kila ofisi ya shantie huitwa kwa jina la Mmarekani Henry Gantt. Mpolandi Karol Adamiecki alikuwa na yake tangu 1896. Aliiandika kwa lugha ambazo wakubwa wa viwanda vya Magharibi hawakuzisoma.

Je, wajua kwamba mwezi unaoamua mambo Ituri ni Desemba? Kati ya Desemba na Februari mvua hupungua, barabara hupitika, misingi huchimbwa bila kugeuka bwawa. Meneja mzoefu huhesabu kurudi nyuma: nataka paa kabla mvua za Machi hazijashika, kwa hiyo kuta ziishe Februari mwanzoni, kwa hiyo msingi Desemba, kwa hiyo saruji iwe imefika Novemba. Mfadhili anayetoa fedha Machi ili kazi imalizike Juni ameshachelewa siku anayosaini hundi. Hili nalisema bila kupepesa macho, maana kalenda za wafadhili hupangwa katika miji yenye lami.

Kuhusu ahadi za siku: madaraja ya juu ya Kinshasa, yale saut-de-mouton, yalianza kujengwa 2019 ndani ya programu ya siku 100 za mwanzo za rais mpya. Siku 100 zilipita, mabati ya uzio yakabaki barabarani, foleni ikawa ndefu kuliko kabla ya daraja. Wakazi wa Kinshasa walipata somo la usimamizi wa ujenzi bila kulipa karo.

Je, wajua kwamba simba waliwahi kusimamisha mradi? John Henry Patterson alifika Tsavo Machi 1898 kujenga daraja la reli ya Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria. Simba wawili waliwala wafanyakazi kwa miezi, wengine wengi wakapanda treni na kukimbia, kazi ikasimama hadi alipowaua Desemba. Tunaisimulia kama hadithi ya uwindaji. Kwa meneja wa ujenzi ni hadithi ya usalama wa eneo la kazi, na Ituri, iliyo chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, inaielewa vizuri zaidi. Makundi yenye silaha hayaandikwi kwenye devis, lakini barabara ikifungwa siku kumi, mishahara ya siku kumi inadaiwa. Ndiyo sababu mkataba mzuri una kifungu cha nguvu zisizozuilika, na meneja mzuri amekisoma kabla ya siku ya kwanza.

Je, wajua kwamba mwanamke aliongoza ujenzi wa daraja la Brooklyn kwa zaidi ya miaka kumi? Injenia mkuu, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872. Mke wake, Emily Warren Roebling, alijisomea hesabu za nyaya na nguvu za vyuma, akawa anakwenda eneo la kazi, anapokea ripoti, anajadiliana na wanasiasa. Daraja lilifunguliwa 24 Mei 1883. Dada unayeambiwa kwamba shantie si mahali pako, mtajie anayekuambia mwaka huo.

Je, wajua kwamba Wakongo wamejenga kituo kizima cha umeme jirani kabisa? Mgodi wa Kibali, mkoani Haut-Uele, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013, una vituo vitatu vya umeme wa maji: Nzoro II, Ambarau na Azambi. Cha mwisho, Azambi, kilianza kazi 2018 na kilijengwa na makandarasi wa Kongo. Nakitaja kwa sababu bado kuna watu wanaoamini kwamba mradi mkubwa huhitaji pasipoti ya kigeni.

Na je, wajua kwamba kusimamisha mradi ni sehemu ya taaluma hii? Mwaka 2013, bei ya dhahabu ilipoporomoka duniani, kampuni ya madini ya AngloGold Ashanti iliusimamisha mradi wake wa Mongbwalu. Vitu kama hivyo vikitokea, kuna mtu lazima ahesabu kila kilichobaki stoo, afunge mashimo, alipe wazabuni, aondoe mitambo, akabidhi michoro. Vyuo hufundisha kuanza. Kufunga vizuri watu hujifunza kwa maumivu.

Je, wajua kwamba jengo hupokelewa mara mbili? Kwanza mapokezi ya muda, réception provisoire, kila mtu akiwa na orodha ya kasoro: mlango haufungi, bati linavuja, bomba limepinda. Kwa kawaida mwaka mmoja baadaye ndipo hufanywa mapokezi ya mwisho, na sehemu ya fedha za mkandarasi hushikiliwa katikati ya siku hizo mbili. Mvua za mwaka mzima ndizo mkaguzi asiyepokea bahasha. Ufaransa, tangu sheria zake za 1804, humfunga mjenzi kwa miaka 10 kwa kasoro zinazoangusha jengo. Kiongozi anayekata utepe na kuondoka na magari yake hajapokea kitu, amepiga picha.

Je, wajua gharama ya kuruka hatua? Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, mji uleule. Hayo ni majengo ya jiji lenye vyuo vya uhandisi, bodi za usajili na wakaguzi. Mongbwalu ghorofa ni chache, lakini shule, kituo cha afya na tangi la maji huanguka kwa sababu zilezile, na Bonde la Ufa la Albert hutikisika: tetemeko la Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100 upande wa Toro na Beni.

Je, wajua kwamba kibarua wa Mongbwalu ana kitu ambacho wa Nairobi hana? Ana shimo la dhahabu la kukimbilia. Ukichelewesha malipo ya Jumamosi, Jumatatu utajenga peke yako. Meneja anayeweka akiba ya mishahara ya wiki mbili, kwa faranga na kwa dola, hununua amani ambayo hakuna ratiba ya kompyuta inayoweza kuitoa.

Je, wajua pa kusomea? Kinshasa kuna INBTP, taasisi ya taifa ya majengo na kazi za umma. Goma, Chuo Kikuu cha ULPGL hufundisha uhandisi wa ujenzi. Ukivuka mpaka, Makerere ya Kampala ina shahada ya usimamizi wa ujenzi yenyewe, na JKUAT ya Kenya vilevile. Kifaransa utakihitaji kwa mikataba, Kiingereza kwa ankara za saruji, Kiswahili kwa kila kitu kinachotokea kati ya saa kumi na mbili asubuhi na jioni.

Kijana wa Mongbwalu mwenye diplôme d'État ya hisabati au ya ujenzi, usingoje chuo ndipo uanze. Nenda kwenye shantie iliyo karibu nawe, omba kazi ya kupokea mali: hesabu mifuko inayoingia, pima nondo, andika tarehe, saa na jina la dereva kwenye daftari. Daftari hilo ndilo cheti chako cha kwanza, na mkandarasi mwenye akili atalisoma kabla ya kile kingine.