Kelele za wanafunzi, fedha za wafadhili

Viti bora kabisa katika ukumbi wa Cameron Indoor, nyumbani kwa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Duke, haviuzwi. Havina hata migongo. Ni mabenchi marefu yaliyopangwa hatua chache tu kutoka mstari wa kiwanja, na wanaoyajaza ni wanafunzi wa shahada ya kwanza waliojipaka rangi ya buluu usoni, wanaosimama tangu mpira unaporushwa hadi king'ora cha mwisho, na ambao hawakulipa hata senti mlangoni. Wenye fedha, wale wanaochangia mfuko wa michezo unaoitwa Iron Dukes, wanakaa ghorofani na kuwatazama vijana kutoka juu.

Ukumbi huo, ulio katika jimbo la North Carolina, ulifunguliwa mwaka 1940 na unaingiza watu 9,314 tu. Mhasibu yeyote akiingia humo ataona fedha zilizolala. Mechi dhidi ya jirani zao wa Chapel Hill ina uhitaji mkubwa kiasi kwamba wanafunzi hupiga mahema nje ya ukumbi tangu Januari, hadi watu 12 kwa hema moja, wakipokezana zamu usiku kwenye baridi ili wasipoteze nafasi kwenye foleni. Bei ya nafasi hiyo ni muda na kukosa usingizi. Chuo kingeweza kuipiga mnada kwa wenye mabenki wa New York, na fedha zingeingia siku hiyohiyo. Hakijafanya hivyo, na si kwa sababu ya huruma.

Sababu inaonekana ukisafiri kilomita chache hadi Chapel Hill. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha North Carolina kilifungua ukumbi mpya wenye jina la kocha wake, Dean Smith, unaoingiza zaidi ya watu 21,000. Ulijengwa kwa michango binafsi ya zaidi ya dola milioni 30, na waliochanga walizawadiwa haki ya viti vya chini, karibu na wachezaji. Kama mkataba wa ujenzi, ulikuwa mkataba mzuri: walipakodi wa jimbo hawakubebeshwa mzigo. Lakini mwaka 1991 mchezaji wa Florida State, Sam Cassell, alipotoka kucheza pale aliwaambia waandishi kwamba huu si umati wa aina ya Duke, ni watu wa jibini na mvinyo. Maneno hayo yamewaganda Chapel Hill kwa zaidi ya miaka 30. Baadaye chuo kiliwatafutia wanafunzi nafasi za kusimama nyuma ya goli, lakini sehemu kubwa ya safu za chini ilikuwa imekwisha kuuzwa, na aliyeinunua hakuwa na haraka ya kuirudisha.

Biashara yenyewe ina utaratibu wake. Mfadhili haanzi kwa kununua tiketi. Anachanga kwanza, kisha mchango unampa ruhusa ya kununua. Katika vyuo vingi michango humjengea alama mwaka hadi mwaka, na alama ndizo zinazoamua nani achague kiti kwanza. Serikali nayo ilikuwa mshirika. Kuanzia 1988 hadi 2017 sheria ya kodi ya Marekani iliruhusu asilimia 80 ya mchango wa namna hii ihesabiwe kuwa sadaka. Tuseme mtu alichanga dola 10,000 ili apate haki ya viti. Dola 8,000 ziliondolewa kwenye kipato chake kinachotozwa kodi. Kwa aliyekuwa katika kiwango cha juu cha mwaka 2017, yaani asilimia 39.6, huo ni unafuu wa dola 3,168. Hazina ya taifa ilikuwa inamlipia karibu theluthi ya sadaka yake ya kukaa katikati ya uwanja! Bunge lilifuta unafuu huo Desemba 2017, na vyuo vikatumia wiki za mwisho za mwaka kuwahimiza wafadhili walipe mapema michango ya miaka ijayo kabla mlango haujafungwa.

Ukiweka mapato hayo kando ya tiketi ya mwanafunzi, hesabu ya haraka inamwondoa mwanafunzi. Michigan ilijaribu kumtazama kwa jicho hilo. Mwaka 2010 ilimwajiri Dave Brandon, aliyekuwa mtendaji mkuu wa kampuni ya piza ya Domino's, aendeshe idara ya michezo yenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani unaochukua zaidi ya watu 107,000. Mwaka 2013 tiketi ya msimu ya mwanafunzi ilifika dola 295. Mwaka huohuo viti vya wanafunzi, ambavyo awali vilikuwa na namba, vikageuzwa kuwa vya anayewahi ndiye anayekaa, kwa lengo la kuwalazimisha wafike mapema na kamera zisionyeshe mabenchi matupu. Waliokwisha kusubiri hadi mwaka wa nne ili wakae mbele wakajikuta wakigombea nafasi na vijana waliofika chuoni juzi.

Wengi hawakugombea. Waliacha kununua. Msimu wa 2014 timu ilikuwa dhaifu, na Septemba ikatokea promosheni ambayo aliyenunua chupa mbili za Coca-Cola aliweza kupata tiketi mbili za mechi bure. Chuo kilisema ni makosa, lakini picha zilikuwa zimekwisha kusambaa. Mzazi aliyemlipia mwanawe dola 280 za msimu huo alifikiri nini, tunaweza kukisia. Wanafunzi waliandamana, na Oktoba 31 Brandon akajiuzulu. Kwa msimu wa 2015 tiketi ya mwanafunzi ilishushwa hadi dola 175. Kushindwa uwanjani kulichangia, sikatai. Hata hivyo punguzo la zaidi ya theluthi moja linaonyesha kwamba bei ya awali ilikuwa imekosewa, na haikukosewa kwa sababu vijana walikosa fedha tu, bali kwa sababu waliona wanageuzwa wateja kwenye jambo walilolihesabu kuwa lao.

Alabama ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2019, baada ya kocha Nick Saban kulalamika kwamba wanafunzi wanaondoka timu ikishaongoza kwa pointi nyingi, chuo kilianzisha programu ya simu inayofuatilia mahali mwanafunzi alipo: pointi 100 kwa kufika, 250 kwa kubaki hadi robo ya nne, na mwenye pointi nyingi anatangulia kupata tiketi za mechi za ubingwa. Wapo waliochukizwa na kufuatiliwa. Kwa mchumi, ni ungamo la wazi. Mwajiri hamfungulii daftari la mahudhurio mtu asiyemhitaji.

Maana wanafunzi ni sehemu ya bidhaa. Mwaka 2022 vyuo vya kundi la Big Ten viliuza haki za televisheni kwa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba, na picha inayouzwa si ya bwana aliyevaa sweta akila karanga. Ni ya vijana wanaoruka. Tatizo ni kwamba kiti cha mfadhili kina mstari wake kwenye vitabu vya hesabu, na kelele hazina mstari wowote.

Wasomaji wanaomkumbuka Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam wanajua pande zote mbili, ya wanafunzi na ya wenye fedha, hata kama hawakuzitambua. Kati ya 2006 na 2009, kabla Memphis Grizzlies hawajamchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA, Thabeet alichezea Connecticut, timu yenye makazi mawili. Mechi nyingine zilichezwa Gampel Pavilion, ndani ya chuo huko Storrs, ambako mwanafunzi anatoka bwenini kwa miguu. Nyingine zilichezwa Hartford, umbali wa kama kilomita 40, kwenye ukumbi mkubwa zaidi ulio katikati ya mji wa kampuni za bima. Jiografia peke yake ilitosha kuwapanga watu.

Si haki kuwachora wafadhili kama mabepari wa katuni. Mapato ya futiboli na mpira wa kikapu, pamoja na michango, hulipia riadha, kuogelea na michezo mingine isiyouza tiketi za maana. Edward Cheserek wa Kenya alitwaa mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon, chuo ambacho mfadhili wake mkubwa wa michezo ni Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa Nike. Vijana wengi wa Bonde la Ufa na wa nyanda za Tanzania wamesoma Marekani kwa ufadhili wa riadha. Kwa upande wa pili, vyuo vingi vidogo, visivyo na matajiri wa kutosha, huendesha michezo kwa ada inayobandikwa kwenye bili ya kila mwanafunzi, awe anakwenda uwanjani au hajui hata mlango uko wapi.

Sasa shinikizo limeongezeka. Juni 6, 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya wanamichezo wa vyuo iitwayo House, inayoruhusu kila chuo kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa masomo 2025-26. Fedha hizo lazima zitoke mahali. Tennessee ilitangaza mapema, Septemba 2024, kwamba itaongeza asilimia 10 kwenye bei ya tiketi kwa ajili ya kuwalipa wachezaji. Njia nyingine iko wazi kwa kila mkurugenzi wa michezo: ng'oa mabenchi ya wanafunzi, weka viti vya ngozi na meza ya vinywaji. Nafikiri wengi watafanya hivyo kidogo kidogo, safu mbili mwaka huu, safu tatu mwakani, kwa sababu hasara yake haionekani katika robo ya mwaka wa fedha.

Chapel Hill, wakati huohuo, imekuwa ikijadili kama ikarabati ukumbi wa Dean Smith au ijenge mwingine. Michoro ya mwisho itakapotoka, idadi ya viti itatangazwa kwanza. Nitatafuta namba nyingine: katika safu 10 za chini, ngapi zimeandikiwa wanafunzi, na kwa mkataba wa miaka mingapi.