Kanisa la Magogo Lililokatwa Miguu

Mtu yeyote aliyewahi kusimamisha nyumba ya miti anamjua adui wake alipo. Yuko pale nguzo inapoingia ardhini. Unyevu hupanda, mti hulainika, mchwa huja kumalizia kazi, na baada ya miaka michache nyumba huinama upande mmoja. Ndiyo sababu kanisa la Mtakatifu Andrea la Greensted, katika jimbo la Essex huko Uingereza, linastahili kuelezwa habari zake. Kuta zake ni za magogo, nazo zimesimama kwa zaidi ya miaka 900.

Kanisa lenyewe ni dogo, na liko karibu na mji wa Chipping Ongar, kaskazini-mashariki ya London. Mafundi waliolijenga walichukua miti ya mwaloni, wakaipasua katikati, kisha wakaisimamisha bega kwa bega. Upande wa mviringo ukaelekea nje. Upande bapa, uliosawazishwa kwa tezo, ukaelekea ndani. Ili upepo usipenye, ubavu wa kila gogo ulichimbwa mfuo, na baina ya gogo na gogo pakapachikwa ufito mwembamba ulioshika mifuo yote miwili. Mvua inyeshapo, maji huteleza juu ya migongo hiyo ya mviringo. Tena kiini cha mwaloni ni kigumu, nacho kina ukakasi ambao wadudu wengi hawaupendi. Lakini mafundi wasipewe sifa yote, maana Uingereza haina mchwa kama wetu!

Umri wa jengo hili ulizusha mambo. Mti wa nchi ile huongeza pete moja kila mwaka, pana mwaka wa neema na nyembamba mwaka wa dhiki, na mpangilio wa pete hizo huweza kulinganishwa na wa miti mingine ambayo miaka yake inajulikana. Mwaka 1960 wataalamu walipima, wakataja mwaka 845. Fahari iliyoje! Miaka ya 1990 vipimo vikarudiwa kwa ujuzi ulio bora zaidi, ikaonekana kwamba pete ya mwisho iliyosalia ni ya mwaka 1053. Kwa kuwa tabaka za nje zilikwisha kuchongwa, miti hiyo ilikatwa baadaye kidogo, katika nusu ya pili ya karne ya 11. Hivyo zaidi ya miaka 200 ikafutwa. Hata hivyo, hili ndilo linalohesabiwa kuwa kanisa la miti la kale kuliko yote yanayosimama duniani.

Mapokeo ya huko husema kwamba mwaka 1013 mwili wa Mfalme Edmund, aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869, ulilazwa Greensted ukiwa njiani kwenda kuzikwa tena. Kuta za leo haziwezi kuwa shahidi wa jambo hilo. Lakini wachimbuzi wa mwaka 1960 walikuta, chini ya upande wa madhabahu, alama za majengo ya miti yaliyotangulia. Miti yenyewe ilikuwa imekwisha kuoza, imebaki alama udongoni tu.

Kila kizazi kiliongeza chake. Kiasi cha mwaka 1500 upande wa madhabahu ulijengwa kwa matofali ya kuchoma. Paa la nyasi likaondolewa, likaja la vigae lenye madirisha, na mwanga ukaingia mlimokuwa na giza. Upande wa magharibi upo mnara wa mbao zilizopakwa rangi nyeupe, na ndani yake kengele ya mwaka 1618.

Katika kanisa hilo, mwaka 1839, alifunga ndoa James Brine. Huyu alikuwa mmoja wa vibarua sita wa mashamba kutoka kijiji cha Tolpuddle, waliohukumiwa mwaka 1834 kwa kula kiapo cha chama cha wafanyakazi, wakapelekwa Australia kutumikia adhabu yao. Walisamehewa mwaka 1836, na baadhi yao wakapewa mashamba ya kukodi Essex. Bibi arusi alikuwa Elizabeth, binti wa Thomas Standfield, mwenzake katika adhabu ile.

Wakati wa arusi hiyo magogo yalikuwa tayari yanaliwa kwa chini. Miaka tisa baadaye, mwaka 1848, ikabidi kuamua: kuyaondoa na kuweka kuta mpya, au kuyakata. Wakayakata. Sehemu iliyooza ikatupwa, ukajengwa msingi wa matofali, juu yake ikalazwa boriti mpya ya mwaloni, na magogo yakasimamishwa juu ya boriti hiyo. Wako waliolaumu matengenezo hayo kwamba yalibadili mno sura ya zamani. Mimi nawaunga mkono mafundi. Ukisimama nje ya ukuta leo utaona wazi safu ya matofali, kisha boriti, kisha magogo yaliyo mafupi kuliko yalivyokuwa, yakiwa mbali na udongo wenye maji.