Moyo hautulii kwa amri

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Hapana shaka hawakuwa na mashine za CT mbele yao, lakini hekima yao inathibitika barabara katika chumba ambamo moyo wa binadamu hupigwa picha.

Kila mtu anajua kwamba anayetikisika hutoa picha yenye ukungu. Mkono tunaweza kuuamuru utulie, nao ukatulia. Kifua nacho twaweza kukituliza kwa kushika pumzi. Moyo haupokei amri hiyo. Kwa hivyo daktari anayetaka kuziona ateri za moyo, ambazo upana wake ni milimita chache tu, hana budi kuuvizia moyo upumzikapo.

Maana moyo nao hupumzika. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika hutumia sekunde moja kwa kila pigo. Takriban theluthi moja ya muda huo hujikaza ili kuisukuma damu. Theluthi mbili zilizosalia hulegea na kujaa upya. Katika kulegea huko mna kitambo kifupi ambapo moyo hukaribia kutulia kabisa. Mapigo yakifika 100, kila pigo hubaki na sehemu 6 kati ya 10 za sekunde. Mwanafunzi angedhani kwamba kujikaza na kulegea hupunguzwa sawasawa. La hasha! Muda wa kujikaza hupungua kidogo tu, na mapumziko ndiyo yanayokatwa zaidi.

Mashine nayo ina mwendo wake. Ile inayozunguka mara moja kwa milisekunde 330 huhitaji nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 165, ili kupata picha moja. Mashine zenye vyanzo viwili vya eksirei, zilizojitokeza mwaka wa 2005, ziliupunguza muda huo hadi milisekunde 83. Hata hivyo, madaktari wengi wangali wanapendelea mapigo yasiyozidi 60 au 65 kwa dakika. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa asinywe kahawa kabla ya kupigwa picha, hubandikwa nyaya kifuani ili mashine ijue kila pigo linapoanza, na aghalabu hupewa dawa ya kupunguza mapigo, iwapo hana maradhi kama pumu yanayoweza kumzuia kuitumia.

Fauka ya hayo, yapo mambo yanayouchokoza moyo mle mle chumbani. Dawa iwekwayo chini ya ulimi ili kuzipanua ateri huweza kuyaongeza mapigo. Dawa ya iodini idungwayo mshipani humtia mtu joto la ghafla mwili mzima. Pumzi ikivutwa, mapigo huelekea kupanda kidogo. Ikishikwa, huelekea kushuka. Na juu ya yote hayo ipo hofu.

Hapa ndipo nilipotaka tufike, msomaji. Mgonjwa ambaye hakuelezwa lolote, akilisikia joto lile, hudhani mauti yamemfika. Moyo humwenda mbio katika sekunde zile zile ambazo ungetakiwa kutulia. Matokeo yake huwa picha yenye ukungu: ateri nzima huonekana kana kwamba ina kasoro, ama iliyoziba ikafichika. Huenda ikabidi arudiwe, kwa gharama na mionzi zaidi.

Basi maneno machache ya upole, katika lugha aijuayo mgonjwa, si adabu tu bali ni sehemu ya utabibu. "Mama, utasikia joto, nalo litapita. Vuta pumzi, ishike, usijikaze." Maneno hayo yasemwe mapema, na zoezi la pumzi lifanywe mara mbili tatu kabla ya mashine kuwashwa. Vyuo vinavyowafunza wahudumu wetu havina budi kulitilia mkazo jambo hili sawa na vinavyozitilia mkazo mashine zenyewe.

Walimu nao wana wajibu. Mara nyingi mapigo ya moyo hufundishwa kama tarakimu ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mwalimu na awape wanafunzi saa yenye mshale wa sekunde, wahesabu mapigo yao wakiwa wameketi, wakiwa wamekimbia, na hata punde tu baada ya kutangaziwa jaribio la ghafla! Watajionea wenyewe jinsi moyo unavyoitikia fikira.

Tukumbuke kwamba Allan Cormack, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield wa Uingereza kwa kuuwezesha uchunguzi wa CT, alizaliwa Johannesburg. Alikuwa mwalimu wa fizikia Cape Town alipoanza kulitafakari suala hilo mwaka wa 1956, alipoombwa kusaidia katika hospitali ya Groote Schuur. Pengine mrithi wake ameketi katika darasa lako leo. Mfundishe kuihesabu mipigo ya moyo, na umfundishe pia kuzungumza na mwenye moyo huo.