Kambi Kisiwani: Mtoto na Ayasome Maji

Aghalabu mzazi wa bara anapowapeleka wanawe Pwani likizoni, huwafungia hotelini kando ya kidimbwi cha kuogelea, na bahari iko hatua chache tu kutoka hapo. Heri angevuka nao kutoka Shimoni hadi kisiwa cha Wasini, wakapiga hema na kushika makafi ya kayaki.

Wasini hakuna mto, na maji ya mvua hukingwa na kuhifadhiwa kama mali. Isitoshe, anayeendea kayaki huko hutawaliwa na mwezi wala si saa ya mkononi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Asiyelijua hilo hukwama juu ya matumbawe makali, au mkondo ukamchukua. Darasani somo hili ni maduara mawili na mshale ubaoni (nami siidharau chaki). Mvuvi humfunza mtoto kwa kumwonyesha ufuo.

Likizo ya Agosti ni ya Kusi, bahari huchafuka. Wabaki nchi kavu. Desemba, Kaskazi ikishatulia, waingie majini, majaketi ya kuokoa maisha mwilini na mwenyeji akiwatangulia.