Tikisa Chupa Mbele ya Kupima Dawa ya Mutoto



Muganga akikupa dawa ya maji ya mutoto, anakuambia kila mara: "Utikise chupa." Wamama wengi wanasikia, lakini kufika nyumbani wanasahau, ao wanatikisa mara moja tu. Wanafikiri ni desturi ya waganga. Sivyo. Soma hapa sababu yake.

1. Dawa za maji ziko za namna mbili

Dawa ya kwanza ni sawa na maji ya sukari. Sukari imeyeyuka yote, hata ukiacha kopo mpaka kesho haishuki chini. Ile tunaita siro.

Dawa ya pili haionekani safi, ni kama uji mwepesi. Hii haikuyeyuka. Ni unga laini sana unaoelea ndani ya maji. Amoksisilini ya maji ya watoto ni ya namna hii, na kotrimoksazoli vilevile.

2. Kwa nini unga unashuka?

Chembe za unga ni nzito kupita maji. Chembe kubwa zinashuka mbio, ndogo zinashuka polepole. Kwa hiyo wenye kutengeneza dawa wanaisaga sana, na wanatia kitu cha kufanya maji kuwa mazito kidogo.

Lakini kuna jambo lingine. Chembe zikikaribiana, zinavutana. Tena kila chembe inaweza kuwa na umeme kidogo sana juu yake, na zenye umeme wa namna moja zinasukumana.

Zikisukumana sana, kila chembe inashuka peke yake. Kule chini zinapangana karibu karibu mpaka zinakuwa ngumu. Mama anayekamua mihogo anajua jambo hili: wanga unashuka chini ya beseni, na kesho yake ni lazima kuukwangua.

Zikivutana kidogo tu, zinashikana mafungu mafungu, laini kama pamba. Mafungu hayo yanashuka mbio, lakini ukitikisa yanaachana bila shida. Hiyo ndiyo dawa iliyotengenezwa vizuri.

Basi usiogope ukiona maji meupe juu na unga chini. Dawa haijaharibika. Inangojea mukono wako.

3. Hatari iko wapi?

Tuseme chupa ni ya mililita 60, na kijiko ni cha mililita 5. Humo muna vijiko 12. Kama imeandikwa 125 mg kwa mililita 5, kila kijiko kinapaswa kuwa na 125 mg za dawa.

Usipotikisa, siku za kwanza mutoto anakunywa maji matamu tu. Vidudu vya kichomi havikufi, na vile vinavyobaki vinaweza kuzoea dawa. Siku za mwisho anakunywa dawa iliyopita kipimo. Mama anasema: "Dawa hii haina nguvu." Kumbe nguvu ilibaki chini ya chupa.

4. Namna ya kufanya

– Kama chupa iko na unga mukavu, igonge na kuitikisa kwanza, ili unga uachane. Tia nusu ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tikisa. Ongeza maji mpaka kwenye alama, halafu tikisa tena. Usipite alama.

– Kila mara mbele ya kupima, geuza chupa juu chini, mara nyingi. Angalia chini yake: unga usibaki umeshikamana. Ngoja povu lishuke kidogo, halafu pima palepale.

– Pima na kijiko ao kikombe kilichotoka na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani.

– Usiongeze maji ili dawa idumu. Dawa haiongezeki, inapungua nguvu.

– Amoksisilini iliyotiwa maji haikai sana, mara nyingi siku 7 tu. Soma karatasi yake, na andika tarehe juu ya chupa. Usiweke iliyobaki kwa ajili ya mutoto mwingine.

– Kama unga umekuwa mugumu na hautoki hata ukitikisa sana, ao rangi ao harufu imebadilika, usimupe mutoto. Rudisha kwa muganga.

5. Na vidonge vya kutia majini?

Siku hizi watoto wanapewa pia vidonge vinavyoachana ndani ya maji, kama zinki kwa kuhara, na amoksisilini kwa kichomi. Sheria ni ileile. Koroga, mupe mutoto mara moja. Kisha angalia kikombe: kama unga umebaki chini, tia maji kidogo, zungusha, na mupe hayo pia. Unga ule ni sehemu ya kipimo chake.

Kumbuka: kijiko kinapima maji, lakini mukono unaotikisa ndio unapima dawa. Mufundishe pia dada yake ao nyanya yake anayebaki na mutoto, kwa maana saa ya dawa ikifika, labda wewe uko shambani.