Vibandiko vya Kung'arishia Meno: Usafi au Kubadilisha Maumbile?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake. Ama baad:

Vijana wetu, khasa wanaokaribia kuoa au kuolewa, wamekuwa wakituuliza juu ya vibandiko vya kung'arishia meno nyumbani. Wapo walioambiwa kuwa kuvitumia ni kujiingiza katika laana, na wapo wanaovitumia bila ya kuuliza chochote. Tunaona kuwa pande zote mbili zinahitaji ubainifu.

Asili ya khofu hii ni hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (R.A.), iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, ambamo wamelaaniwa wanaochanja miili na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha alichokiumba Allah. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kuwa makusudio ni kutia mwanya baina ya meno ya mbele kwa tupa, jambo walilolifanya wanawake wazee ili waonekane wadogo. Akabainisha pia kuwa likihitajika kwa matibabu au kwa kuondoa kasoro ya jino, hapana ubaya. Linalotia nguvu maneno haya ni kisa cha Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, kisha Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi.

Sasa tutazame kibandiko kinafanya nini. Ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa jeli, na dawa yake kwa kawaida ni haidrojeni peroksidi. Dawa hiyo hupenya enameli, yaani gamba gumu la jino, ikavunja chembe za rangi zilizoachwa na chai, kahawa, tambuu au sigara. Jino halichongwi, umbo lake halibadiliki, na baada ya muda rangi hurudi. Kwa hivyo sababu ya katazo haipo hapa. Kujipamba peke yake si haramu. Kilicholaaniwa ni kujipamba kwa kubadilisha maumbile. Asili ya jambo hili ni kujuzu, na ndivyo walivyofutu wanazuoni wengi wa zama hizi.

Lakini kujuzu huko kumefungwa na kanuni ya kutojidhuru wala kudhuru wengine. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012, dawa hii ikizidi asilimia 0.1 haiuzwi ila kwa madaktari wa meno, haivuki asilimia 6, na hawatumii walio chini ya miaka 18. Basi anayenunua asome kiwango cha dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi, na aache pakiti isiyoonesha hayo. Atazame pia gliserini: hutokana na mimea au mafuta ya wanyama, na ikijulikana kuwa ni ya nguruwe, aiache.

Mwenye jino bovu au fizi zinazotoka damu atibiwe kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje. Asizidishe muda ulioandikwa, ambao mara nyingi ni kama nusu saa kwa siku; meno yakiuma kwa maji baridi au fizi zikiwasha, aache. Na ajue kuwa meno ya bandia na yaliyozibwa hayabadiliki rangi.

Ndugu zetu wengi wa Arusha na wa Bonde la Ufa nchini Kenya wana meno ya hudhurungi tangu utotoni kwa sababu ya wingi wa floridi katika maji. Kuondoa kasoro hiyo kunaingia katika ruhusa aliyoitaja Imam Nawawi. Ila doa hilo limo ndani ya enameli yenyewe; kibandiko mara nyingi hakiliondoi, na huenda mabaka meupe yakazidi kuonekana. Hao tunawashauri waende kwa daktari wa meno kabla ya kupoteza mali yao.

Katika ibada, mwenye kufunga avitumie usiku, kwani jeli huchanganyika na mate, na akiimeza kwa kujua saumu imebatilika. Avivue kabla ya udhu na josho. Kusukutua ni sunna kwetu Mashafii, lakini ni wajibu kwa Mahanbali, na kwa Mahanafi ni fardhi katika josho la janaba. Kuvivua ni kutoka katika khitilafu.

Mwisho, meno meupe si lazima yawe meno safi. Kibandiko hakiondoi uchafu wala harufu. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa lau si kuchelea kuutia umati wake mashakani, angeliamrisha mswaki kwa kila Swala. Sunna hiyo haigharimu kitu, na ndiyo ya kutangulizwa na Muislamu.

Wallahu a'lam.